Watoto wa Twende Kilioni

Mwaka ule watu wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, waliogopa maji. Waliogopa ya bomba, wakaogopa ya kisima, wakaogopa hata mate ya jirani aliyesimama karibu mno akizungumza. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini, na kila asubuhi redio ilirudia maneno yale yale: chemsheni maji, naweni mikono, msikusanyike misibani. Mpangaji akionekana anakimbilia chooni mara mbili, wenzake walikuwa wamekwisha kuhamisha watoto kabla hajatoka.

Huo ulikuwa mwaka 1978. Josepha alikuwa na miaka arobaini na mbili, mwanamke wa Ndanda aliyekuja Dar es Salaam peke yake, akapanga chumba cha uani katika nyumba ya vyumba sita. Mtaani walimwita Mama Vitalis. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, chanuo kalichomeka kichwani, mafuta ya nazi pembeni, na wanawake wa sokoni wakaja kukaa mbele ya magoti yake. Hakuwa msemaji. Wateja walisema wao, yeye akasikiliza, na hiyo ndiyo sababu walirudi. Huyo Vitalis mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Wengi walidhani ni kijana mkubwa aliyebaki kusini.

Katika nyumba mbili za jirani, ndani ya siku tisa, walikufa watu watano. Mabwana afya walikuja na gari, wakanyunyiza dawa vyumba vizima, wakazitoa maiti zimefungwa kwa nailoni. Hapakuwa na kuosha, hapakuwa na matanga, hapakuwa na mtu kuketi chini na mfiwa. Watoto walifungiwa ndani wasione. Walipouliza, waliambiwa mama amesafiri, baba yuko hospitali, nyamaza, ukilia na wewe utaumwa. Wakanyamaza. Walipita uchochoroni kimya kimya, na watu wazima waliwapisha kama wanaopisha moto.

Wa kwanza kufika kwa Josepha alikuwa Sofia, wa miaka kumi na mmoja. Alivutwa mkono na shangazi yake, Kijakazi, aliyebaki na mzigo wa watoto wa kaka yake aliyefariki zamani na wifi aliyefariki kwa ugonjwa huu.

"Mama Vitalis, nisaidie," Kijakazi alisema akiwa bado mlangoni. "Mwalimu kamrudisha nyumbani. Tazama kichwa, kama shamba lililolimwa nusu. Mfumue, kisha umnyoe kabisa tupumzike."

Ni kweli. Upande wa kushoto ulikuwa umesukwa mistari myembamba ya kwenda nyuma. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama, zimejaa vumbi. Sofia alifunika upande wa kushoto kwa mikono yake miwili.

"Huku usiguse," alisema. "Huku kasuka mama."

Kijakazi akageuka upande. Kwa sauti ya chini alieleza kwamba wifi yake alianza kumsuka mtoto asubuhi ile ile aliyougua. Alifika nusu, akasema ngoja kidogo nakuja, akaenda chooni. Hakurudi kumaliza.

Josepha alikitazama kile kichwa na hofu ikamshika. Mikono ya mwanamke aliyekufa kwa kipindupindu ilikuwa imepita pale. Je, ugonjwa hukaa kwenye nywele? Nani wa kumwuliza? Alikuwa na mdomo wa kusema hapana, nenda kwa msusi mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yule mtoto alikuwa bado ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, kama anayezuia kitu kisipeperushwe na upepo.

"Niachie mpaka saa kumi," alimwambia Kijakazi.

Alinawa mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikajikunja. Akakaa, akamweka Sofia mbele ya magoti, akaanza upande wa kulia. Alifuata mistari ya marehemu, upana ule ule, mvuto ule ule. Mtindo wenyewe ulikuwa twende kilioni, ule wa haraka, usio na pambo, ambao mwanamke husuka akipata habari ya msiba na kutaka kuondoka mara moja. Josepha alipomaliza, Sofia alijipapasa kichwa chote, kushoto na kulia, akaondoka. Usiku huo Josepha alijisikiliza tumbo mpaka usingizi ukamchukua.

Hakuumwa. Siku ya tatu Sofia alirudi, na nyuma yake alikuja Severa, wa miaka tisa, ambaye marehemu baba yake aliuza viazi kwa jumla Kariakoo na mama yake alibaki Kilimanjaro. Hakuwa na mtu wa kumsuka. Baada yake alikuja Sabaha, mdogo wa miaka mitano, aliyekuwa akilelewa na bibi yake tangu mama alipochukuliwa na gari. Wiki ya pili walikuwa saba. Josepha alikuwa na mikono miwili tu, kwa hiyo wakubwa walisuka wadogo. Walikaa mstari mmoja mkekani, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake, na Josepha mwishoni kabisa akimsuka Sofia, upande wa kulia tu.

Kwa siku kadhaa hapakuwa na sauti ila ya chanuo. Kisha siku moja Severa, mikono yake ikiwa kwenye nywele za Sabaha, alisema kama anayejisemea:

"Baba alikuwa anapumua."

Mikono yote ikasimama.

"Nilichungulia kwenye tundu la mlango. Walikuwa wamemlaza barazani. Ile nailoni ilikuwa inapanda na kushuka. Wamemzika anapumua."

Neno la kwanza lililomjia Josepha lilikuwa nyamaza, usiseme mambo hayo, neno ambalo yeyote angelisema. Alilimeza. Hakujua la kuweka mahali pake, akauliza tu:

"Uliogopa?"

"Naogopa mpaka sasa."

"Na nani mwingine anaogopa?"

Hakuna aliyeweza kunyoosha mkono, kila mkono ulikuwa umeshika nywele. Lakini sauti zilitoka mmoja mmoja, kutoka mbele mpaka nyuma: mimi, na mimi, mimi pia. Mmoja aliogopa lile gari. Mmoja aliogopa kulala kwenye kitanda cha mama yake, na ndicho alichopewa kulalia. Sabaha alisema anaogopa watu wazima wanaponong'ona.

Kesho yake Josepha alimvizia bwana afya aliyekuwa akipita kukagua vyoo. Watu wa serikali alizoea kuwakwepa. Alimwuliza kuhusu nailoni. Yule kijana hakucheka. Alisema daktari humpima marehemu kwanza, kwamba siku ile upepo ulikuwa mkali pale barazani, na kwamba nailoni hupandishwa na upepo hata ikiwa juu ya gunia. Josepha alizipeleka habari zile mkekani neno kwa neno. Severa alisikiliza, akauliza, "Daktari alimpima baba yangu mwenyewe?" Akajibiwa ndiyo, bwana afya alikuwapo. Severa akaanza kulia, na Sabaha aliyekuwa mbele yake alitulia asije akachomoa nywele mkononi mwa mwenzake anayelia.

Ni Sabaha aliyeuliza lile swali. Aliuliza bila kugeuka, kama watoto wanavyouliza.

"Na Vitalis yuko wapi?"

"Amesafiri," Josepha alijibu.

Kisha Sofia, kwa sauti kavu: "Kama mama."

Josepha alimaliza kusuka siku ile kwa mikono mizito. Kwa miezi miwili alikuwa akiwalaumu moyoni watu wazima wa mtaa kwa kuwadanganya watoto wa msiba, na kumbe yeye alikuwa na uongo ule ule, tena wa miaka kumi na mitano, umelala ulimini tayari.

Siku iliyofuata walipokwisha kukaa, alisema:

"Jana niliwadanganya. Vitalis hakusafiri. Vitalis amekufa."

Hakuna aliyegeuka. Jambo hilo lilimpa nguvu.

"Alikuwa na miaka sita. Alipata surua. Nilimbeba mgongoni kwenda hospitali ya misheni, tangu alfajiri. Njiani alikuwa anakohoa, kisha akaacha, nikafurahi, nikasema amelala. Nikawa namwimbia. Nilipofika, mtawa alimfungua mgongoni akaniambia mtoto huyu amekufa zamani. Nilikuwa namwimbia maiti." Akapasua mstari mwingine wa nywele. "Wazee walisema nisilie sana. Nikaja huku. Mpaka leo nikibeba kitu mgongoni, namsikia anakohoa."

Aliogopa kwamba amewatisha. Lakini mbele yake Severa aliendelea kupasua nywele kwa chanuo, taratibu, na mmoja wa wadogo aliuliza Vitalis alipenda kula nini. "Mihogo ya kuchoma," Josepha alisema. Tangu afike Dar es Salaam, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali lile.

Hapo ndipo Sofia aliposema lake.

"Mimi ndiye niliyemuua mama."

Alisema akiwa amekaa mbele ya magoti ya Josepha, shingo imekakamaa. "Aliniambia nichemshe maji. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha, na foleni dukani ilikuwa ndefu mpaka barabarani. Niliogopa kuchapwa. Nikamwambia nimechemsha. Akanywa."

Josepha alitamani kusema hapana, si wewe. Lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba neno jepesi halimfiki mtoto.

"Wewe uliyanywa?"

"Niliyanywa."

"Na shangazi?"

"Na yeye. Na wadogo zangu."

"Maji yale yale."

"Maji yale yale."

"Basi mimi sijui kwa nini ninyi mpo na yeye hayupo," Josepha alisema. "Wala daktari hajui. Ila najua mtoto anayeogopa kuchapwa husema uongo, na hakuna mama asiyelijua hilo. Hayo uliyosema, Sofia, hayatatoka mkekani hapa mpaka uyatoe mwenyewe. Sote tumesikia?"

Wote waliitikia. Na kwa upande wa maneno ya Sofia, hata Sabaha wa miaka mitano alitimiza ahadi. Ila hakuna aliyemwambia asiseme ya Vitalis.

Alimwambia bibi yake jioni ile, akinywa uji. Vitalis amekufa, lakini Mama Vitalis bado anamsikia anakohoa. Na Severa kamwona baba yake anapumua. Bibi alilichukua lile neno asubuhi mpaka bombani, na bombani neno haliachi kunona. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wanasema Mama Vitalis anawaita wafu. Kufikia alasiri walikuwa wanauliza: na nywele? Nywele za mayatima wote wale, anazipeleka wapi?

Swali hilo lilimfika Josepha kupitia ukuta wa chumba, akainama kutazama chini ya kitanda. Nywele zinazong'oka na kubaki kwenye chanuo zilikuwapo. Zamani alizitupa chooni kila jioni, lakini tangu kipindupindu kiingie aliogopa kile choo kuliko kaburi, akawa anaingia kwa dharura tu. Nywele alizisokomeza ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga chini ya kitanda, akisema kesho, kesho. Sasa kopo lilikuwa limejaa. Akilitoa, ataonekana. Akizichoma, harufu itawaita watu. Akiziacha, zitakutwa. Alikaa kitandani juu yake kama kuku anayeatamia nyoka.

Siku tatu mkeka ulilala mtupu. Wateja hawakuja. Mtu alirusha jiwe juu ya bati mchana kweupe, na alipochungulia uani, wapangaji wenzake walikuwa wanaosha vyombo wakitazama chini. Alikumbuka mwanamume mmoja aliyepigwa mwaka uliotangulia karibu na soko mpaka akazimia, eti mumiani, kwa kuwa alimpa pipi mtoto asiyemjua. Watu waliompiga walikuwa watu wa kawaida. Mmoja wao alikuwa mteja wake.

Jumamosi alasiri walikuja. Mbele alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, Ndugu Eliakimu, mzee mwembamba aliyewahi kuwa karani wa reli. Nyuma yake bibi yake Sabaha, Kijakazi akiwa amemshika Sofia mkono, na wengine kama ishirini. Uani palijaa.

"Ndugu Josepha," mjumbe alianza.

Hakumwita Mama Vitalis. Hapo alijua maji yamezidi unga.

"Mikusanyiko ya msiba imekatazwa, unajua. Na yapo maneno kwamba unakusanya nywele za watoto. Tunataka kuangalia chumbani."

Kijana mmoja aliingia, akatoka na kopo. Alilifungua, na zile nywele zilizosokomezwa zikafura juu kana kwamba zina uhai.

"Hizo hapo!" bibi alipiga kelele. "Za mjukuu wangu ziko humo!"

Kundi lilisogea hatua moja. Josepha alieleza habari ya choo, na maneno yalitoka yamekatika katika, yakisikika kama uongo hata masikioni mwake.

Mjumbe aliinua mkono watu watulie. "Unawaambia nini hawa watoto?"

"Siwaambii kitu. Wao ndio wanaoniambia."

"Wanakuambia nini?"

Josepha alimtazama Sofia. Mtoto alikuwa amekodoa macho, midomo imekuwa ya kijivu. Ilikuwa rahisi. Angesema tu: huyu anadhani alimuua mama yake, nami namtuliza. Angeokoka.

"Hilo siwezi kusema," alijibu. "Niliwaahidi."

Minong'ono ikapanda. "Ndugu Josepha," mjumbe alisema polepole, "usiposema hapa, itabidi useme kituoni. Na wewe mwanamke wa peke yako, huna kazi inayotambulika. Unajua watakurudisha kwenu."

"Najua."

"Basi sema."

"Siwezi, Ndugu Mjumbe."

Alifumba macho, akingoja. Kilichofuata hakikuwa mkono wa mtu. Ilikuwa sauti ya Sofia, nyembamba, inayotetemeka.

"Mimi nilisema sikuchemsha maji."

Alijinasua kwa shangazi yake, akasimama katikati ya uani, macho kwenye kopo. "Mama aliniuliza, nikasema nimechemsha. Sikuchemsha. Hayo ndiyo niliyomwambia. Na Mama Vitalis alisema nisitoe mpaka nitake mwenyewe. Basi nimetaka."

Kijakazi aliinua mkono, na kila mtu alidhani atampiga. Mkono ule uliishia mdomoni mwake mwenyewe. Kisha aliushusha, akawageukia watu.

"Na mimi sikuchemsha," alisema. "Wiki ile nilichota kisimani nikawapa watoto wangu hivi hivi. Nani hapa alichemsha? Mafuta ya taa alikuwa nayo nani? Mjumbe, wewe ulikuwa nayo?"

Bibi yake Sabaha alitazama ndoo yake iliyokuwa kando ya bomba la uani, kama ndiyo kwanza anaiona. Watu waliosogea mbele kwa pamoja walirudi nyuma mmoja mmoja, na kila mmoja alionekana anakumbuka kikombe chake.

Kijakazi alimvuta Sofia kifuani. Tangu msiba hakuwa amelia mbele za watu, na sasa alilia kwa sauti kubwa, kilio kile cha kuita jina la marehemu ambacho mtaa mzima ulikatazwa kulia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mjumbe alikohoa. Aliamuru lichimbwe shimo pale pale na nywele zizikwe, kila mtu akiona. Akasema watoto wakija, lango la uani liwe wazi na mtu wao mmoja mzima awepo, ili asiwepo wa kuuliza tena. Akaenda zake bila kuaga, akipita karibu na ukuta.

Si kwamba mambo yalinyooka. Bibi yake Sabaha hakumrudisha mjukuu wake, na mtoto yule akikutana na Josepha sokoni alikatazwa hata kumwamkia. Severa alikuja kuchukuliwa na baba yake mkubwa kabla ya Pasaka, akapelekwa Kilimanjaro kwa mama yake, na Josepha hakusikia tena habari zake. Wateja watatu wa zamani walihamia kwa msusi mwingine. Hofu yenyewe haikumtoka. Kwa muda mrefu, akisikia nyayo nyingi uchochoroni, aliacha chanuo na kushikilia ukuta mpaka zipite.

Lakini Jumatatu ile Kijakazi alikuja na Sofia, akavua viatu, akakaa mkekani bila kuambiwa. Ile mistari ya mama ilikuwa imelegea, nywele mpya zimeota chini yake. Sofia alimkabidhi shangazi yake chanuo, na Kijakazi akaifumua mmoja mmoja, wakizungumza habari za marehemu, alivyokuwa akicheka, alivyokuwa mkali. Wakaja wengine. Wanawake wawili wa nyumba ya mbele, waliofiwa na mume mmoja, walianza kukaa nao pia, wakidai wamekuja kusukwa tu.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umepungua, lakini vita ilikuwa mpakani. Mke wa askari mmoja aliyekufa huko alikuja uani na binti zake wawili, akasimama mlangoni akiona haya. Wale watoto waliutazama ule mstari wa watu waliopeana migongo, hawakuelewa wakae wapi. Josepha alifungua mdomo awakaribishe, ila Sofia, mrefu sasa, alikuwa amekwisha kusogea kuwaachia nafasi.

"Kaeni hapa," alisema. "Hapa hakuna mtu anayekutazama usoni."